Kabla Hamjang'oa Bati la Kwanza

Kwa: Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Chuo; Bodi ya Wadhamini; Mkurugenzi wa Halmashauri yetu; Idara ya Mambo ya Kale.

Yah: Jengo la kale lenye jina la padri mwalimu

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo la hapo juu. Chuo sikitaji, na padri ambaye jengo lilipewa jina lake simtaji vilevile, kwa kuwa huku kwetu ukimtaja yeye umekwisha kukitaja chuo. Wenyewe mnajijua. Sikukusudia kumwaibisha mtu kwenye simu za watu. Ofisini nimekwenda mara tatu: mara ya kwanza mkuu yuko Dodoma, mara ya pili mkuu yuko kikaoni, mara ya tatu niache barua masijala. Niliiacha, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ikaishia kwenye muhuri huo. Ndipo nikaona heri niiandike upya, ndefu zaidi, na isomwe na kila mwenye macho.

Mwezi wa tano nilikuja kwenye mahafali ya mjukuu wangu. Vijana wakiwa wanapiga picha, mataji ya karatasi shingoni, mimi nilizunguka nyuma ya jengo lile refu kutafuta kivuli. Nikakuta nguzo za baraza zimepigwa X nyekundu. X hiyo hakuna asiyeijua nchi hii. Tumeiona kwenye nyumba zilizoingia hifadhi ya barabara, na tunajua baada ya X huja katapila. Nikamwuliza mlinzi. Akanijibu kwa furaha kabisa kwamba hapo panakuja ghorofa, madarasa makubwa na chumba cha kompyuta, na kwamba jengo hili "limechoka, mzee wangu".

Niseme mapema tusipotezeane muda: ghorofa silipingi. Mjukuu wangu amesoma miaka yake yote akigombea kiti, na vipindi vingine amevisikilizia dirishani. Wanafunzi ni wengi, nafasi ni ndogo, na anayesema chuo kisijengwe hajawahi kubanwa kwenye dawati la watu wanne. Ninachopinga ni kubomoa kwanza na kuulizana baadaye tulichobomoa kilikuwa nini.

Basi niwaambie ni nini, kwa kadiri nilivyokijua.

Niliingia chuoni hapo kijana wa miaka kumi na tisa, nimetoka Nansio kwa meli na sanduku la bati. Darasa langu la kwanza lilikuwa chumba cha pili kutoka kusini mwa jengo hilo. Msingi wake ni wa mawe haya haya ya Mwanza, ambayo wageni huyapiga picha na sisi huyapasua kwa moto na nyundo. Kuta ni za matofali ya kuchoma, nene kiasi kwamba ukikaa dirishani miguu inabaki ndani na mgongo hautoki nje. Kenchi zote ni za mninga. Mabati yake ni yale mazito ya zamani. Mvua ikinyesha mwalimu alilazimika kuandika ubaoni na kunyamaza, maana hakuna sauti iliyoshindana nayo. Baraza linatazama Ziwa Victoria, na kwenye mwembe wa mbele palining'inizwa kipande cha reli, ndiyo kengele yetu. Mwezi wa pili, jua la saa nane likiwa linachoma hata mawe, ndani mle ulikaa bila kutoa jasho. Sasa nasikia ghorofa litawekewa viyoyozi. Haya.

Babu yangu mzaa mama alikuwa miongoni mwa waliofyatua matofali hayo. Alisimulia kwamba tanuru lilikuwa bondeni, karibu na matete, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na udongo mzuri na maji, na kwamba kila mtoto wa shule aliyepanda kwenda darasani asubuhi alipanda na matofali mawili kichwani. Hakuna aliyelipwa kwa hayo mawili. Wengine walipanda wakiimba, wengine walipanda wakilia. Nikisoma vitabu vinavyosema misheni fulani "ilijengwa na" padri fulani, huwa nawakumbuka watoto hao wenye matofali kichwani.

Na padri mwenyewe? Sikumwona. Alikufa kabla sijajua kusoma. Baba yangu alimjua, kwa kuwa padri huyo alikuwa mkaguzi wa shule za misheni, mzalendo, katika enzi ambayo kumwona Mwafrika akikagua shule kulikuwa jambo la kusimama njiani ukaangalia. Bara alitembea kwa baiskeli, visiwani kwa mtumbwi, akifikia kwenye shule za vichakani ambazo zilikuwa mti mmoja, ubao mmoja na katekista mmoja. Alimfanyisha mtoto hesabu papo hapo, kisha akamfanyisha na katekista. Wazee wanasema alikuwa mwepesi wa hasira na kiboko hakikumtoka mkononi. Hilo nalo liandikwe. Heshima ya mtu haiharibiki kwa kusemwa alivyokuwa, na mimi nimechoka na wasifu wa mapadre wasiokuwa na jasho wala makosa.

Sasa ninyi wa Halmashauri na Mambo ya Kale, msinione kama mzee anayelilia shule yake tu. Liangalieni ufukwe wote. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2025, mtu anatoka Usagara anafika Kigongo, anavuka hadi Busisi bila kusubiri kivuko, na kilomita zile tatu juu ya maji anazimaliza akiwa bado anaongea na simu. Sijui wangapi kati ya wanaopita hapo wanajua kwamba pembeni yao, Bukumbi, kuna misheni iliyoanza mwaka 1883, kabla hata Wajerumani hawajaufanya Mwanza kuwa mji wao. Wamisionari wa Afrika, hawa tuwaitao Mapadre Weupe, walifika hapo na kiongozi wao, Livinhac, ambaye miaka miwili baadaye alitoa kitabu cha sarufi ya Kiganda. Aliyemfuata ni Hirth, Mfaransa wa Alsace, aliyepata uaskofu mwaka 1890. Huyu Hirth ndiye aliyeasisi seminari ya Rubya, upande wa Muleba, mwanzoni mwa karne ya 20, na vijana wa kwanza wa Rwanda waliokuja kuwa mapadre walianzia masomo yao huko. Mwaka 1917 wakapadrishwa wazalendo wa kwanza wa nchi yetu. Katika seminari hiyo hiyo alipita mtoto wa Kihaya, Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alifanywa kardinali, Mwafrika wa kwanza kupewa cheo hicho katika nyakati zetu.

Mwaka huo huo wa 1960, upande huu wa Mwanza, Askofu Joseph Blomjous, Mholanzi, alifungua kituo cha mafunzo ya jamii pale Nyegezi. Uhuru ulikuwa mlangoni na alitaka watu wa kuendesha vyama vya ushirika, maendeleo ya jamii, baadaye magazeti. Waandishi wa habari wangapi wa nchi hii wamepita Nyegezi, hata wenyewe hawahesabiki. Kituo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998. Watu wa Mwanza bado wanasema tu "anasoma Nyegezi", na wanaelewana.

Waanglikana nao walitangulia. Walifika ufukwe wa kusini mwaka 1877. Alexander Mackay, Mskoti, hakuwa kasisi bali fundi, lakini alifundisha na kuchapa maandishi kuliko makasisi wengi. Alifia Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890, na mwaka 1927 mabaki yake yakahamishiwa Namirembe, Kampala. Hata Mwalimu Nyerere alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, Desemba 1943, tayari akiwa mtu mzima anayesoma Makerere. Naweza kuendelea hadi kesho. Ninachotaka mkione ni kwamba elimu ya nchi hii ilipita kwenye ufukwe huu, ikaacha nyumba.

Na nyumba hizo sheria haizijui. Ndugu zangu wa Mambo ya Kale mnaijua Sheria ya mwaka 1964 kuliko mimi, lakini wengine hawaijui, kwa hiyo nitaisema. Jengo huhesabiwa kuwa la kumbukumbu moja kwa moja kama lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Pigeni hesabu. Speke, mpelelezi Mwingereza, aliliona ziwa hili mwaka 1858, mmisionari wa kwanza hakufika hadi 1877. Kwa hiyo hakuna kanisa, hakuna shule, hakuna seminari, hakuna chuo hata kimoja cha misheni kwenye mwambao huu wa kusini kilichoingia ndani ya mwaka huo. Ulikuwa mwaka mzuri kwa Kilwa na magofu ya pwani. Huku kwetu umeacha kila kitu nje, kama mwenye nyumba aliyefunga mlango na watoto wako uani.

Mlango wa uani upo: Waziri anaweza kulitangaza jengo kwenye Gazeti la Serikali hata kama ni la jana. Lakini Waziri haoti. Lazima mtu aombe, na mwenye kuombwa kuomba ni ninyi wa Baraza mnaolimiliki. Najua kinachowatisha. Mnaogopa kwamba likitangazwa hamtaruhusiwa kugonga hata msumari. Hofu hiyo siidharau, na ndiyo sababu nimewaandikia na Mambo ya Kale katika barua moja: kaeni meza moja, mwambiane mapema nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi, kabla zabuni haijatangazwa.

Nirudi kwenye "limechoka". Jengo hili halikuchoka. Limechoshwa, na nitaeleza jinsi gani, kwa kuwa nimekaa na mafundi wazee wakanifundisha.

Matofali ya zamani yalichomwa kwa kuni, ni laini kuliko ya leo, na yaliunganishwa kwa udongo na kupakwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo unapumua. Maji yanayopanda kutoka ardhini, na huku ziwani hayakosekani, huingia chini na kutokea juu kwenye chokaa, yakakauka na upepo. Chokaa huchubuka, unapaka nyingine kila baada ya miaka michache, maisha yanaendelea. Ndivyo tulivyofanya sisi wanafunzi kila likizo ikikaribia, ndoo na brashi ya katani, nguo zote nyeupe. Halafu miaka ya karibuni akaja mtu akaona aibu ya kupaka chokaa, akapiga lipu ya saruji nje na ndani, juu yake rangi ya mafuta mita moja na nusu kutoka chini. Maji yakaendelea kupanda kama kawaida, ila sasa hayana pa kutokea. Yakapanda juu zaidi. Chumvi ikaanza kutoka kama unga, lipu ikavimba, ukigonga inalia kitupu, matofali nyuma yake yanageuka vumbi. Anakuja mhandisi kijana, anagonga, anaandika "jengo si salama". Kwa alichokiona hakukosea. Ila dawa ilikuwa kuing'oa ile saruji na kurudisha chokaa, si kumwua mgonjwa kwa sababu alipewa dawa isiyo yake.

Mabati mnaweza kubadilisha, sina neno. Mninga tafadhali msiuguse. Mchwa wa miaka yote hiyo wameshindwa, na mbao za namna hiyo leo hamzinunui. Nimeshaona kwingine kenchi za mninga zikishushwa, zikaishia kuwa vitanda kwenye nyumba ya mtu, na juu zikapandishwa mbao mbichi zilizopinda kabla ya masika ya pili.

Kisha kuna jina. Juu ya mlango mkubwa, jina la padri lilifinyangwa kwenye lipu yenyewe, herufi nene kama vidole. Lilipita pagumu jina hilo. Sheria ya Elimu ya 1969 ilipoipa serikali shule za mashirika ya dini, majina mengi yalibadilika: St. Mary's ya Tabora ikawa Milambo, Marian College ya Morogoro ikawa Kilakala. Sikulilaumu jambo hilo na silaumu leo. Watoto wa dini zote walipata kusoma. Hata hapa kwetu walikuja watu wenye patasi. Mkuu wa chuo wa wakati huo, Mwislamu, mtu wa Pangani, aliwazuia. Alisema aliyeandikwa pale alikuwa mwalimu, na kwamba yeye hafuti jina la mwalimu mwenzake. Patasi zikarudi.

Lililoshinda enzi hiyo limeshindwa na puti. Mwaka jana, katika maandalizi ya kupokea wageni, fundi aliambiwa apige ukuta wa mbele uwe laini. Akaziba herufi moja moja, akasawazisha, akapaka rangi ya maziwa. Nilimtafuta fundi huyo, nikampata. Kijana mwema. Aliniuliza, "Kwani lilikuwa jina la nani, mwalimu?" Nilipomweleza alishika kichwa. Hakuna aliyemwambia. Waheshimiwa, mwenye kosa hapo si mwenye brashi.

Kuna jambo moja bado, nalo ndilo lililoninyima usingizi kuliko X zile. Siku chache baada ya mahafali nilikuwa stendi, nikanunua karanga kwa mama mmoja. Amezifunga kwenye karatasi kama kawaida, ile ya kukunjwa pembe. Nilipozimaliza nikaikunjua kwa mazoea tu. Mwalimu hawezi kutupa karatasi bila kuisoma. Ilikuwa ukurasa wa daftari la mahudhurio. Mistari ya wino wa bluu uliofifia, majina ya wanafunzi, vijiji walivyotoka: Kagunguli, Nassa, Bukumbi, Kome. Mbele ya majina mawili mtu ameandika kwa mwandiko wa kulala "amekufa". Mbele ya jingine, "amerudi kwao kulima pamba". Nilirudi kwa yule mama. Akaniambia mwanaye amezinunua karatasi hizo kwa kilo, kutoka kwa vijana waliokuwa wanasafisha stoo ya chuo. Nilinunua karanga zote zilizobaki. Nikapata kurasa sita. Nyingine zimeshaliwa na mji.

Stoo hiyo ni chumba cha mwisho kaskazini mwa jengo hilo hilo. Kwa hiyo mnapozungumza kubomoa, jueni ubomoaji umeanza na unauzwa kwa kilo.

Ninachoomba ni hiki. Stoo ifungwe leo, ufunguo akae nao mtu mmoja anayejulikana, na kilichobaki kihesabiwe. Kabla bati la kwanza halijang'olewa, jengo lipimwe, lichorwe na kupigwa picha chumba kwa chumba. Chuo kina wanafunzi, mkoa una maofisa ardhi, kazi hiyo haihitaji mfadhili kutoka Ulaya. Wazee waliosoma humo tupo wachache, tunakohoa, lakini tunaongea. Mtu akae nasi na simu ya kurekodi. Ghorofa lijengwe kwenye uwanja ulio nyuma ya jiko, pale ambapo tangu wakati wetu pamekuwa pa kuchomea takataka. Ni pakubwa kuliko hapa na hapana mawe ya kulipua. Baada ya hapo, jengo hili liombewe ulinzi wa kisheria, lipakwe chokaa, na litumike. Sitaki liwe makumbusho yenye kufuli. Liwe maktaba, liwe ofisi, liwe chumba cha mitihani. Nyumba isiyokaliwa huku kwetu popo huipangisha.

Herufi za jina zirudishwe mahali pake. Na chini yake, kwenye kibao kidogo, yaandikwe majina ya makatekista na mafundi ambao bado yanaweza kupatikana, na kama majina yamekosekana waandikwe tu watoto wa matofali mawili. Msiniambie hakuna fungu. Kibao cha kumshukuru mgeni rasmi aliyekuja kwa saa moja na nusu kilipatikana, cha marumaru, na maandishi ya dhahabu.

Mababa maaskofu, najua wengine wenu mtasoma hii. Shajara za misheni na picha za zamani ziko kwenye kabati zenu, si zetu. Mwenye kuchora jengo hili atazihitaji. Naomba mlango ufunguliwe bila kumzungusha.

Kikao cha Baraza, nimesikia, ni mwezi ujao. Sijaalikwa, na sidai mwaliko. Nitakuja asubuhi nikae mbele ya baraza, chini ya mwembe, kwenye lile benchi la saruji, pamoja na fundi aliyeziba zile herufi. Amekubali kuja, na anasema puti haijashika vizuri. Kwa patasi ndogo na uvumilivu anaweza kuzitoa zote bila kuvunja hata moja. Ngazi tunayo. Zile kurasa sita ninazo kwenye bahasha, nitazikabidhi kwa atakayenisainia.

Wenu katika ualimu,

Mhitimu wa zamani,
Igoma, Mwanza